Unataka kinanda cha kutengenezea biti? Soma hii kabla hujatoa hela

Jamaa yangu mmoja alikusanya hela miezi tisa. Akaacha kununua viatu, akaacha kutoka wikendi, mwisho akaenda Kariakoo akarudi na kinanda cha mtumba kutoka Japani: kizito, kioo kikubwa, vitufe kibao, jina la kampuni kubwa limeandikwa kwa mbele. Siku hiyo chumba kilijaa watu. Akachomeka kwenye soketi, akabonyeza swichi, taa zikawaka, halafu tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Basi. Biti hata moja haikutoka.

Nyuma ya kile kinanda kulikuwa na kibandiko kidogo kimeandikwa 100V. Hakuna aliyekisoma, na mimi nilikuwa mmoja wao. Tutarudi kwenye kibandiko hicho huko chini, maana ni sehemu ambayo watu wengi wanapoteza hela. Ila kwanza tuanze na swali ambalo yule jamaa alipaswa kujiuliza hata kabla ya kupanda daladala: unanunua kitu gani hasa?

Wokstesheni siyo kila kinanda

Dukani neno "wokstesheni" linatumika ovyo. Kwa maana yake halisi, ni kinanda chenye studio ndogo ndani: kina sauti za ala (ngoma, besi, piano, fidla na kadhalika), kina sikwensa ya kurekodi unachopiga kwa treki nyingi, na kina efekti za kupambia sauti. Unaanza na ngoma, unaongeza besi, unaweka melodi, unapanga beti na kiitikio, wimbo unaisha bila kompyuta.

Iliyofanya mtindo huu usambae duniani ni Korg M1 ya mwaka 1988. Sauti zake zote zilikaa kwenye megabaiti 4 tu, yaani chini ya picha moja ya simu yako, na sikwensa yake ilikuwa na treki 8. Ukisikiliza muziki wa hausi wa zamani, ile piano kavu inayodunda mara nyingi ni ya M1. Ikaja Korg Triton mwaka 1999, ambayo Pharrell Williams na mwenzake Chad Hugo waliitumia sana enzi za The Neptunes, kisha Yamaha Motif mwaka 2001. Hizi mbili bado zinazunguka sana kwenye mitumba.

Sasa kuna ndugu zake watatu ambao wanafanana naye sura.

Wa kwanza ni arenja. Hiki ndicho kinanda cha kanisani, cha harusi, cha bendi. Unabonyeza kodi kwa mkono wa kushoto, kinakupigia ngoma, besi na gitaa chenyewe. Hizo ndizo "staili". Yamaha PSR-SX na Korg Pa wako kundi hili. Cha kuchekesha ni kwamba Yamaha wenyewe wanaziita PSR-SX700 na SX900 "Digital Workstation", kwa hiyo usimlaumu sana muuza duka akichanganya.

Wa pili ni kontrola ya MIDI. Hii haina sauti yoyote ndani. Ni vitufe vinavyotuma ujumbe kwenye kompyuta au simu: noti hii imebonyezwa, kwa nguvu hii. Nimeshaona mtu analalamika kwamba kauziwa kinanda kibovu kwa sababu "kimya kabisa", kumbe kanunua kontrola na hana kompyuta.

Wa tatu ni sinthesaiza ya kawaida, ina sauti nzuri ila haina sikwensa ya kumalizia wimbo.

Sisemi arenja ni mbaya. Kama unapiga taarabu au kaswida, arenja inaweza kuwa chaguo bora kuliko wokstesheni ya bei mbaya. Kuna zinazotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Mashariki ya Kati, kama Yamaha PSR-A3000 na PSR-A5000, ambazo zinakuruhusu kushusha noti kwa robo toni bila kuhangaika. Korg Pa nazo zina namna ya kupanga robo toni. Mtu wa Zanzibar, Tanga au Mombasa anaelewa kwa nini hilo ni jambo kubwa. Lakini kama lengo lako ni Bongo Fleva, trap, amapiano au singeli, staili za ndani ya arenja zitakuchosha ndani ya mwezi. Kila mtu anazitambua.

Swali gumu: unaihitaji kweli?

Nitasema ninavyoona, hata kama wauzaji hawatapenda. Kama tayari una laptopu inayofanya kazi, usinunue wokstesheni ya kwanza unayokutana nayo. Nunua kontrola ndogo na programu ya halali, hela inayobaki weka kwenye hedifoni nzuri na kadi ya sauti. Maprodyuza wengi wanaotoka mitaani leo wanafanya kazi kwenye FL Studio, programu iliyoanza mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Ukiinunua mara moja unapata matoleo mapya yote bila kulipa tena. Toleo la majaribio ni la bure na linafungua karibu kila kitu. Tatizo lake ni moja tu, huwezi kufungua tena kazi uliyohifadhi mpaka ulipie. Na ukichukua toleo la bei ya chini, linaloitwa Fruity, halirekodi sauti za kuimba wala za kinanda. Angalia hilo kabla hujalipa.

Wokstesheni inaeleweka kwenye mazingira haya: huna kompyuta na huna mpango wa kununua karibuni, unapiga jukwaani pia, siyo chumbani tu, au kompyuta inakupoteza, unafungua kutengeneza biti unajikuta YouTube. Hii ya mwisho siyo utani. Kuna watu wakikaa na chombo kimoja kisicho na intaneti wanamaliza nyimbo, na wakikaa na laptopu wanaanza nyimbo arobaini.

Halafu kuna umeme. Laptopu ina betri, umeme ukikatika unaendelea. Wokstesheni nyingi hazina betri, na umeme ukikatika katikati ya kazi ambayo hujahifadhi, imekwenda. Ukiishi sehemu ambayo umeme unayumba, chache zinazotumia betri za kawaida zinastahili kuangaliwa: Korg Kross 2 yenye vitufe 61 inatumia betri sita za AA na uzito wake ni kilo 3.8 tu, unaibeba kwenye bodaboda. Roland JUNO-DS61 inatumia nane.

Zipi za kuangalia

Kwa mtu wa biti hasa, Akai MPC Key 61 (2022) na mdogo wake MPC Key 37 (2023) ndizo zimelenga kazi hiyo moja kwa moja. Zina pedi 16 za kugongea ngoma, kioo cha kugusa, unasampo, unakata, unapanga, unamaliza. Ile kubwa ina hadi sehemu ya kuchomeka maikrofoni. Zilipotoka, bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 1,899 kwa ya 61 na dola 899 kwa ya 37. Hapa kwetu ongeza usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Kama ningekuwa na hela ya moja tu na kazi yangu ni biti peke yake, ningechukua ile ndogo. Vitufe 37 vinatosha kwa besi na melodi, hatupigi Mozart.

Yamaha MODX (2018) na MODX+ (2022) zina sauti za ala tamu kuliko zote nilizotaja, piano na fidla zake hasa. Lakini hazina pedi na hazisampo zenyewe, kwa hiyo mtu wa kukata nyimbo za zamani atajikuta anarudi kwenye kompyuta. Roland Fantom-06 (2022) iko katikati: ina pedi 16, inasampo, na inaweza kuendesha programu za kwenye kompyuta kama Ableton Live. Bei yake nayo iko juu.

Ukishuka chini kabisa kuna Yamaha PSR-E473. Kwenye karatasi ni arenja ya kujifunzia, ila inarekodi treki nyingi, inatoa sauti kwenda kwenye kompyuta kwa waya wa USB, ina kusampo kidogo, na ina spika zake. Kwa anayeanza na bajeti ndogo, naipendekeza bila aibu.

Hapo kwenye spika, tahadhari. MPC Key, MODX, Fantom na Kross zote hazina spika. Ukifika nyumbani na boksi lako jipya bila hedifoni wala spika, utapiga kimya. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo, pamoja na waya za milimita 6.3. Zile ndogo za simu haziingii bila kigeuzi.

Muuzaji pia atakutajia namba ya sauti zinazolia kwa pamoja: 64, 120, 128, 256. Kwa biti ya kawaida 64 inaanza kubana ukiweka piano ndefu na fidla nyingi, noti za mwanzo zinakatika. Kuanzia 120 hutasikia tatizo.

Siku utakayoambiwa "lete stemu"

Hii ndiyo sehemu ambayo watu hawaiulizi dukani na inawauma baadaye. Umetengeneza biti kali, msanii kaipenda, studio ya kumalizia inakwambia: tuletee stemu. Maana yake wanataka kiki peke yake, sneya peke yake, besi peke yake, melodi peke yake, kila kimoja faili lake, wachanganye wenyewe. Wewe una faili moja la WAV ambalo kila kitu kimeshachanganyika ndani.

Kwa hiyo kabla ya kununua, uliza: sauti inatokaje humu ndani?

Kwanza tofautisha USB ya MIDI na USB ya sauti. Vinanda vingi vya zamani vina tundu la USB, lakini linapitisha MIDI tu: noti zinakwenda kwenye kompyuta, sauti hazikwendi. Vingine, kama Kross 2 na PSR-E473, vinapitisha sauti, ila ni kushoto na kulia basi, mkondo mmoja wa stereo. MODX inatuma njia 10 kwenda kwenye kompyuta, yaani jozi tano za stereo kwa mpigo mmoja. MPC yenyewe inaweza kutoa kila treki kama faili lake ndani ya chombo, unabeba kwenye flashi unaondoka.

Kama chako ni cha stereo tu, usikate tamaa, kuna njia ya mguu. Unazima treki zote unaacha kiki, unarekodi wimbo mzima mwanzo hadi mwisho. Unarudi, unazima kiki unaacha sneya, unarekodi tena. Wimbo wa dakika tatu wenye treki kumi ni nusu saa ya kukaa unaangalia kioo. Siri yake iko kwenye kupatanisha mafaili: mwanzoni kabisa mwa kila treki weka mlio mmoja mfupi, ukifika kwenye kompyuta unazipanga kwa kufuata mlio huo, halafu unaukata. Usipoweka, kiki na besi zitapishana kidogo sana, na huko "kidogo sana" ndiko biti inakufa bila wewe kujua kwa nini.

Efekti pia. Mara nyingi rivabu ya kinanda inapita juu ya treki zote kwa pamoja. Ukirekodi stemu, izime. Studio wataweka yao.

Watu wa singeli, hapa

Singeli inakimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Vinanda vingi mwisho wake ni 300, vingine havifiki; PSR-E473 inaishia 280. Jibu lake ni rahisi: ukitaka 290, weka tempo 145 halafu panga ngoma zako mara mbili ya haraka. Sikio halitajua. Ila uwezo wa kusampo na kubadili kasi kwa singeli ni muhimu kuliko idadi ya sauti za piano, maana muziki wenyewe ulikua kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuvikimbiza. Kwa hiyo kinanda cha singeli kisichosampo ni nusu kinanda.

Mtumba: soma nyuma kabla ya mbele

Tumerudi kwenye kibandiko. Umeme wetu ni volti 230, Kenya ni 240. Japani ni 100, Marekani ni 120. Kinanda kikubwa ambacho waya wa umeme unaingia moja kwa moja mwilini kina mfumo wa umeme ndani yake, na kikiwa kimeandikwa 100V ukikichomeka ukutani kwako umekiua. Kikiandikwa 100-240V, uko salama. Kikiwa 100V na unakipenda, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na iwe na uwezo unaozidi wati zilizoandikwa kwenye kibandiko. Usimwamini anayekwambia "kaka, hiki tumeshakijaribu". Mwambie akichomeke mbele yako, kwenye soketi ya ukutani, kikae dakika kumi.

Vinanda vidogo vinavyotumia adapta ya nje ni nafuu, adapta inabadilishwa. Hapa nako kuna mtego: siyo volti tu, angalia na alama ya chanya na hasi iliyochorwa karibu na tundu. Adapta nyingi za Yamaha na Korg zina chanya katikati. Za Roland mara nyingi ni hasi katikati. Pini inaweza kuingia vizuri kabisa, ikapeleka umeme kinyume.

Kisha angalia kinahifadhi kazi wapi. Triton ya kwanza inatumia diski laini, zile za mraba za inchi 3.5. Motif ya kwanza inatumia kadi za SmartMedia, ambazo leo kuzipata ni kutafuta sindano kwenye majani. Na kwenye Triton, wimbo ulio kwenye sikwensa unafutika ukizima kabla ya kuhifadhi. Kwa hiyo kinanda kizima, disketi hakuna, umeme unakatika jioni: jaza mwenyewe. Kuna mafundi wanaoweka kifaa cha kusoma flashi badala ya diski, uliza kama kimeshawekwa.

Ukiwa dukani, nenda na hedifoni zako na fanya hivi. Bonyeza kila kitufe kimoja kimoja, kwanza kwa upole halafu kwa nguvu. Sauti isipobadilika kabisa kwenye vitufe vyote, hicho ni cha kuchezea watoto hata kama kina vitufe 61 na taa za rangi. Ikiwa ni vitufe viwili vitatu tu vinavyopiga kelele kupita wenzake au havitoi sauti, mpira wa ndani umechoka au umejaa vumbi. Unatengenezeka, tumia kushushia bei. Zungusha kila kinobu usikilize kama kuna mikwaruzo. Tikisa waya ukiwa umechomeka.

Mwisho rekodi sekunde kumi za chochote, hifadhi, zima kinanda, washa, fungua ulichorekodi. Muuzaji akianza kusema "hiyo siyo lazima bosi", ndiyo uzidi kuifanya.

Una simu tu?

Wengi mnaosoma hii mnasoma kwenye simu, na simu hiyo hiyo inaweza kuwa mwanzo. Android kuanzia toleo la 6 inapokea vinanda vya MIDI kupitia waya mdogo wa OTG, ule unaouzwa kwa bei ya chipsi. Chukua kontrola kama Akai MPK Mini yenye vitufe 25 na pedi 8, ichomeke kwenye simu, fungua BandLab ambayo ni ya bure au FL Studio Mobile ya kulipia, na unapiga.

Mambo mawili tu ya kujua. Kontrola inakula chaji ya simu, kwa hiyo anza betri ikiwa imejaa. Na usitumie hedifoni za bluetooth wakati wa kupiga: sauti inachelewa, unabonyeza sasa unasikia baadaye, unajiona huna mpigo kumbe ni hedifoni. Tumia za waya. Ukiona bado inachelewa, punguza efekti na funga programu nyingine zote.

Yule jamaa yangu ndiko alikoanzia upya, simu na vitufe 25. Kile kinanda cha Japani bado kipo kwake, kimesimamishwa ukutani. Fundi alikifungua akasema sehemu ya umeme ndiyo iliyoungua, bodi ya sauti inaonekana nzima. Anatafuta kipuri.